Tuachieni pwani ya mafundi, Nungwi

Juzi nilirudi Nungwi baada ya kama mwaka na nusu sijafika, nikashuka kwenye daladala ya 116 nikasimama pale barabarani sijui nielekee wapi. Na kwetu ni pale, kwa upande wa mama, likizo zote za utotoni nimekulia pale, njia ya kutoka nyumba ya bibi mpaka pwani ningepita nimefumba macho. Sasa ile njia imezibwa. Pana ukuta, pana geti, pana mlinzi kakaa kwenye kiti cha plastiki, ikabidi nizunguke nyuma ya duka la simu, nikapita ubavuni mwa nyumba moja wanafua mashuka ya hoteli, nikaingia kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu, ndo nikatokezea baharini.

Maji yaleyale, ile rangi yake ileile inayokufanya usimame kidogo hata kama umeizoea.

Naandika haya kwa sababu kila siku naona picha za Nungwi mtandaoni, mchanga mweupe, machweo, watu wanakunywa madafu, na ukisoma maelezo yake utadhani Nungwi imeota pamoja na mahoteli. Nungwi ni mji wa watu. Na ni mji wa vyombo, hili ndo nataka watu walijue.

Kwa asiyepajua, Nungwi ipo ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja, kama kilomita 60 kutoka Mjini, unapita Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, Kidoti, Tazari, alafu barabara inakwisha, mbele yako bahari na kule mbali Pemba. Ardhi yake ni maweni, jiwe tupu, ukilima unapata muhogo na vitu vidogo vidogo lakini sio ardhi ya kukutajirisha, kwa hiyo wazee wetu, wengi wao wana asili ya Tumbatu hapo jirani, waligeukia bahari, wakavua na wakaunda vyombo. Bahari yenyewe haina mchezo. Mkondo wa Nungwi kila mtu wa visiwani anaujua, hata aliyelala kwenye boti ya Pemba pale huamka. Mnara wa taa upo pale rasini tangu 1886 na hadi leo ile sehemu inaitwa Mnarani. Na Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, wengi waliookolewa waliletwa pwani ya Nungwi, pamoja na maiti, na wavuvi wetu ndo walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuingia baharini kwenda kutafuta. Mchanga ule watu wanaolalia taulo, sisi tuliusimamia siku ile tunalia.

Sasa mafundi. Mjomba wangu mmoja ni fundi wa vyombo, alifundishwa na baba yake, na baba yake vivyo hivyo. Nilimkuta kakaa kwenye mchanga chini ya mashua ya futi thelathini hivi, juu yake wametandika makuti ya kivuli, anatia kalafati. Kama hujawahi kuona, ni hivi, pamba inasokotwa kama kamba nyembamba, inalowekwa mafuta, alafu inapigiliwa katikati ya ubao na ubao kwa chuma na nyundo ya mti, kidogo kidogo, ubao mzima kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Nikamwambia shkamoo mjomba, akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniambia sogea usikilize. Akapiga. Sauti ikatoka nyepesi, kama unagonga debe. Akaongeza pamba, akapiga tena mara tatu nne, sauti ikawa nzito, fupi. Akasema "hapo sasa pamekaa, hapaingii maji." Yaani anajua kwa sikio. Hana mchoro, hana karatasi yoyote, urefu wa mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ndo unamwambia upana wa chombo, na mataruma, yaani mbavu za chombo, anayatafuta kwenye miti yenyewe, anakwenda kuangalia tawi lililopinda lenyewe vile anavyotaka, analichonga kwa tezo, ile kama jembe dogo la kuchongea mti. Vijana wake wawili walikuwa wanatoboa matundu ya misumari kwa keekee, ile ya kuvuta kwa upinde, wakati pembeni yao kuna mashine ya umeme. Nikauliza kwa nini hamtumii mashine, wakasema wanatumia zote mbili, ila kwenye mti mgumu keekee huihisi mti.

Hii ndo Nungwi niliyolelewa nayo. Asubuhi ukiamka unaskia adhana, alafu majogoo, alafu tezo.

Utalii ulipoingia mimi nilikuwa bado mdogo sana lakini hadithi yake naijua kwa wakubwa. Miaka ya 80 bei ya karafuu ilianguka vibaya, na Zanzibar ilikuwa inaishi kwa karafuu, kwa hiyo serikali ikafungua milango kwa wawekezaji, sheria ya uwekezaji ikapitishwa 1986, na pole pole mabegi ya mgongoni yakaanza kuonekana. Wageni wa mwanzo walilala kwenye nyumba za wenyeji na vibanda vya makuti, wanakula wali na mchuzi wa pweza tunaokula sisi, jioni wanakaa na wavuvi. Walichokipendea Nungwi ni maji. Ukienda upande wa mashariki, Paje au Jambiani, maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka uchoke ndo uyakute, lakini Nungwi upande wa magharibi kuelekea Kendwa kina kipo karibu, iwe bamvua, maji yakijaa na kutoka sana, au maji mafu, yakisogea kidogo, unaoga tu. Hilo jambo moja la kimaumbile ndo limeleta mahoteli yote yale.

Babu alikuwa na eneo karibu na ufukwe. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, mtu ana haki ya kuitumia na ana mali yake iliyo juu yake, kwa hiyo alipokuja mtu kulitaka lile eneo zilihesabiwa minazi. Akalipwa thamani ya minazi. Bibi mpaka anafariki alikuwa anaweza kukutajia ilikuwa mingapi na ipi iliyozaa zaidi. Sisemi alidhulumiwa, aliridhia mwenyewe na pesa ile ilimjengea nyumba ya matofali, ila hakuna aliyemwambia kwamba pamoja na minazi anaiuza na njia ya wajukuu zake kwenda baharini.

Mwishoni mwa miaka ya 90 kulikuwa na mpango mkubwa zaidi, mradi wa kuichukua karibu rasi yote, wakizungumzia dola bilioni 4, mahoteli, gofu, kila kitu. Haukujengwa. Wazee wanauzungumza hadi leo kama watu waliokoswakoswa na gari barabarani. Lakini kilichoshindikana kwa mkupuo mmoja naona kinakuja kwa vipande, ukuta mmoja mmoja. Mwaka 2024 peke yake Zanzibar imepokea wageni zaidi ya 700,000, na sisi wenyewe kwenye sensa ya 2022 tulikuwa kama milioni 1.9, sasa fikiria sehemu kubwa ya hao wageni lazima wafike Nungwi au Kendwa angalau siku moja.

Mazuri yapo na nitayasema kwa sababu ni ya kweli. Binamu zangu wawili wamesomeshwa na pesa ya hoteli, mmoja ni mpishi mkubwa sasa hivi. Vijana wanaongea Kitaliano utadhani wamezaliwa huko, wengine wameongeza na Kipolandi. Wavuvi wakipata jodari mzuri au pweza hawahangaiki kumpeleka Mjini, anauzwa palepale mnadani na magari ya hoteli yanasubiri. Pale Mnarani wenyeji walianzisha hifadhi ya kasa 1993, wanaonaswa kwenye nyavu wanalelewa kwenye lile bwawa la maji chumvi alafu wanarudishwa baharini. Hata mafundi wenyewe wanapata oda za mashua za kutembeza wageni jua likizama na kuwapeleka kuzamia kisiwa cha Mnemba, ingawa wengi siku hizi wanakimbilia boti za faiba.

Na mji umekuwa mji kweli. Kuna watu wa kila pahala, wa bara wamekuja kufanya kazi wakaoa wakakaa, Wamasai na mikuki yao na bidhaa zao ufukweni, mapapasi wa kuongoza wageni, mabodaboda, saluni, maduka ya nguo, wauza chipsi mpaka usiku wa manane. Mimi hilo silichukii hata kidogo, mtu anatafuta riziki.

Kinachoniuma ni maji kwanza. Maweni hayana mito, visima vyetu vingi vina chumvi, na kuna utafiti uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ukatoka 2012, ulikuta kaya moja inatumia wastani wa lita 93 kwa siku wakati chumba kimoja tu cha hoteli ya nyota tano kinatumia zaidi ya lita 3,000. Soma tena hiyo namba. Mimi nimelala nyumba ya bibi tunaweka ndoo foleni kuanzia saa nane za usiku tunasubiri bomba, na upande wa pili wa ukuta tunaskia bustani inamwagiliwa. Ule umeme ulipokatika kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ilikuwa hivyohivyo, kwetu giza na pampu hazifanyi kazi, kule majenereta yananguruma usiku kucha.

La pili ni pwani. Siku ya pili yake nilikuwa natembea ufukweni na mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, tunaokota kombe. Mlinzi wa hoteli moja, siitaji, akatusimamisha, akasema hapa ni kwa wageni tu, piteni chini kwenye maji. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwani sisi tumekosa nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Yule mlinzi nae kijana wa watu, kaambiwa asimame pale, sina ugomvi nae. Tukapita kwenye maji.

Alafu nikamfikiria mjomba. Eneo lao la kuundia vyombo lilikuwa refu, kutoka huku mpaka kule, leo limebaki kipande, kulia vitanda vya jua, kushoto vitanda vya jua, na kila mwaka anakuja mtu kuwauliza kama hawajafikiria kuhamia sehemu nyengine. Sehemu gani? Chombo hakiundwi barabarani. Kinahitaji mchanga wa kukikalisha, kivuli, na njia iliyo wazi ya kukishusha baharini. Ombi langu kwa serikali ya mkoa na wilaya na wote wanaopanga mji ule ni moja tu, kile kipande kipimwe, kiandikwe kwenye ramani, kitajwe kuwa ni cha mafundi, asikodishiwe mtu yeyote kwa miaka yoyote. Ardhi ni ya serikali, kwa hiyo uwezo wanao. Na njia za kwenda pwani zihesabiwe zilizobaki na zilindwe, zipo chache mno.

Ile mashua ikimaliza kalafati inapakwa shahamu, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini, inawekwa usukani, alafu inashuliwa, yaani inashushwa baharini, bamvua linalokuja. Bamvua Nungwi maji hujaa saa kumi, kwa hiyo watu wanatakiwa wawe pale saa nane na nusu mchana, dua inasomwa, kuna chakula, alafu zinatandikwa kamba na magogo na tunavuta. Mjomba anasema anahitaji watu wasiopungua arobaini, na hoteli ya jirani imekubali kuviondoa vitanda vya mbele siku hiyo. Mie nimeshaomba ruhusa kazini. Na yule wa miaka tisa nae kashaambiwa kamba yake ipi.