Nilivyomsomea binti yangu hadithi nikiwa kwenye foleni ya Tunduma

Swali lililowahi kunitoa jasho kuliko yote halikutoka kwa trafiki wala kwa mtu wa forodha. Lilitoka kwa binti yangu wa miaka sita, usiku mmoja nyumbani Mbagala, akimnong'oneza mama yake kwa ile sauti ambayo mtoto hudhani haisikiki:

"Mama, huyu leo analala hapa?"

Huyu ndiye mimi, baba yake.

Naendesha lori la masafa marefu. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, halafu unavuka kwenda Nakonde, unaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, unaingia Lubumbashi kushusha mzigo. Mpaka ukiwa mwepesi, safari nzima ni wiki tatu. Mpaka ukigoma, mwezi unakatika na wewe bado unahesabu malori yaliyo mbele yako. Nikirudi nakaa siku nne au tano, gari likiwa gereji, kisha naondoka tena. Kila niliporudi nilimletea biskuti za Zambia. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo kama anavyomwamkia mjumbe wa nyumba kumi, akaenda kuzilia nyuma ya mama yake.

Sikuanza kusoma naye kwa busara yoyote. Alikuwa darasa la kwanza na mwalimu alikuwa ameagiza kila mtoto asome kwa sauti nyumbani, mzazi atie sahihi. Mama yake alikuwa na mikono kwenye unga wa chapati. "Soma naye basi, baba watoto, simu hiyo haitakimbia."

Siku hiyo niliharibu. Nilimkalisha mbele yangu, nikamkazia macho, nikaanza: hii herufi gani? Na hii? Ukiziunganisha unapata nini? Mtoto alinywea mpaka sauti ikakata kabisa. Jikoni nikasikia, "Wewe unamsomesha au unamkagua leseni?" Nikatia sahihi, tukaachana hivyo.

Kesho yake umeme ukakatika. Niseme ukweli, Luku iliisha na mimi ndiye niliyeahidi kununua. Nikawasha tochi ya simu. Kwa kuwa mwanga ulikuwa mmoja, ilibidi tukae upande mmoja, yeye ameniegemea, kitabu kiko mapajani kwake. Nikamwambia, leo nasoma mimi, kazi yako ni kufungua kurasa. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu hapo ninachosoma ni karatasi za mzigo na vibao vya barabarani, kwa hiyo nilikwenda taratibu, nikiteleza hapa na pale. Kwenye hadithi kulikuwa na fisi. Sijui ilikuwaje, fisi akatoka na sauti ya utingo wangu, ile ya mkwaruzo anapoamshwa saa tisa za usiku. Binti akacheka mpaka kitabu kikaanguka.

"Rudia fisi."

Nikarudia fisi. Mbele kidogo nikasoma "kapanda" mahali palipoandikwa "kapanga", akanikatiza papo hapo. Alipoona baba naye anakosea na hakuna anayemgombeza, akaomba mstari mmoja asome yeye. Tukaenda hivyo, mimi mistari mingi, yeye mmoja, mpaka chaji ya simu ikawa haba.

Nimewaza sana kwa nini siku ya pili ilikubali na ya kwanza ikakataa, na kila nikiwaza namwona marehemu bibi yangu kule Kilosa. Mambo mazito ya familia tuliyasikia kwake, na yetu tuliyamwaga kwake, jioni za kupukuchua mahindi. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mikono iko kwenye magunzi, na macho yako huko huko. Hakuna aliyemkodolea mwenzake. Mtoto ukimweka mbele yako ukamuuliza habari za shule, atakujibu "nzuri", basi. Mweke ubavuni, wote wawili mtazame kitu kingine, uone kama hatasema.

Yangu yalisemwa usiku wa nne. Tulikuwa kwenye hadithi ya kifaranga aliyepotea, ukurasa ambao ulikuwa picha tupu. Akaweka kidole juu ya kifaranga na kuuliza, bila kunitazama:

"Lile lori lililoanguka Kitonga, dereva wake alikuwa na mtoto?"

Kumbe alikuwa amewasikia wakubwa wakizungumza uani. Nikamwambia sijui. Nikamweleza Kitonga kulivyo, mlima wa kona juu ya kona kabla hujafika Iringa, mwamba upande huu na korongo upande ule, na kwamba baba yako akishuka pale huweka gia nzito na hana haraka na mtu.

"Hata wakikupigia honi?"

"Hata wakinipigia honi."

Akafungua ukurasa. Miezi yote ile ya biskuti alikuwa na swali hilo kifuani, na mimi nilikuwa nakasirika kwamba mtoto hanipendi.

Safari ilipofika nikaona nitapoteza kila kitu. Nikapita kwa wauza vitabu wa mitumba mjini, nikanunua vitabu vitatu vyembamba vya picha kubwa na mistari michache, nikapiga picha kurasa zote kwa simu, vitabu vyenyewe nikaviacha nyumbani. Tunduma tukakuta foleni ya siku tatu. Usiku nikapandisha vioo kwa ajili ya honi, nikashika simu, nikasoma hadithi nzima kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Jibu likaja kutoka kwa mama yake: mtoto analia, yuko ukurasa wa nne na wewe umeshamaliza. Kwenye kochi tulikuwa tunasubiriana bila kujua. Kwenye simu nilikimbia kama mtu anayesoma risala. Ndipo nikabuni kugonga usukani. Nikimaliza ukurasa nagonga mara mbili, ngo ngo, nanyamaza kidogo, naendelea. Kunyamaza ndiyo kulikonishinda zaidi. Unajiona mjinga, umekaa peke yako ndani ya kibini unasubiri mtoto aliye Mbagala atazame picha ya kobe.

Kwa sababu ya bando, hadithi karibu zote nilizirekodi na kuzituma kabla ya kuvuka mpaka, na mama yake alikuwa akizitoa moja kwa usiku kama dozi. Moja nililala nayo: nilianza vizuri, katikati usingizi ukanichukua, nikatuma bila kusikiliza. Dakika nne za hadithi, dakika mbili za kukoroma. Hiyo ndiyo aliyoomba irudiwe wiki nzima. Nyingine nilimwomba mama ntilie mmoja wa Lubumbashi anisaidie mstari, akausoma kwa Kiswahili cha kwao, "batoto" badala ya "watoto". Binti akanitumia ujumbe wake wa kwanza kabisa kuniuliza kama huko watu hukosea na mwalimu hawaambii. Nikamjibu hawajakosea, ndivyo wanavyosema. Mpaka leo akitaka kunichokoza anawaita wadogo zake batoto.

Si kila siku ilikuwa raha. Kuna hadithi ya kobe niliyoisoma mara nyingi mpaka nikaichukia. Nikajaribu kuruka mistari miwili, akanikamata. Kuna siku hakutaka kusikiliza kabisa, nami nikajifunza kuacha. Na kulikuwa na mama yake, ambaye siku moja alinipigia akiwa amechoka: "Mimi ninayemwogesha na kumpeleka shule hanisikilizi, anakusikiliza wewe wa kwenye simu." Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mimi nilipewa sehemu tamu, yeye kaachiwa sare na homa. Tukakubaliana nipunguze zangu, Jumamosi na Jumapili hadithi iwe yake, ya kitabu au ya kichwani. Baadaye nikaambiwa kwamba kwake yeye mazimwi huimba.

Utingo wangu alinicheka safari mbili nzima. Safari ya tatu, tukiwa Makambako, akaniuliza kama picha za kurasa zile naweza kumrushia. Ana mtoto wa kiume, wa kwake hataki fisi, anataka ng'ombe.

Sasa binti yuko darasa la tatu. Amenipiga marufuku sauti ya fisi mbele ya rafiki zake. Shikamoo bado ananipa, lakini haimalizi pumzi kabla hajaanza malalamiko: ukurasa wa saba ulisoma vibaya, ile siku ya mvua hukugonga, na kadhalika.

Wiki iliyopita tulikuwa Kasumbalesa, siku ya nne ya kusubiri karatasi. Saa tatu usiku ujumbe ukaingia, dakika kumi na moja. Alikuwa akimsomea mdogo wake, na simu kaiweka katikati ili na mimi nipate. Anasoma kwa mwendo, bila kugugumia, sauti ya sungura ameitia puani. Nikatafuta picha za kitabu hicho kwenye simu, nikazipata. Mwisho wa ukurasa wa kwanza akanyamaza, kisha nikasikia meza: ngo ngo.

Utingo akainua kichwa kitandani kule nyuma. "Nani anagonga?"

Nikamwambia alale. Nikafungua ukurasa.