Mkweche na masika: kumbukumbu ya turubai la Land Rover

Jumamosi, 8 Februari 2025

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 1977, ile fupi ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na halina paa. Nililinunua Karatu kwa mzee aliyekuwa akilitumia shambani. Alinikabidhi na vile vyuma viwili vya kushikilia turubai. Turubai, alisema, lilishaliwa na panya zamani.

Wiki iliyopita niliegesha nje ya duka la vifaa hapa Ngaramtoni, nikaingia kutafuta boliti. Mvua ikapiga kama dakika ishirini. Nilipotoka, pale miguuni pa dereva palikuwa na maji ya kutosha kufulia soksi, na kiti kilikuwa kimekunywa mpaka kikashiba. Nikaendesha hadi nyumbani nimekalia gunia. Mama Neema aliitazama suruali yangu kwa nyuma, akasema, "Pole, Baba Neema," halafu akageukia ukutani acheke.

Sponji la kiti limekaa juani siku tano ndipo likakauka, na harufu bado ipo. Kwa hiyo kazi ya miezi hii ni moja: masika yakifika, ndani ya mkweche pawe pakavu.

Kila ninayemweleza ananijibu kwamba Land Rover haili kutu, bodi ni aluminiamu. Hilo ni nusu ya habari. Magari haya yalipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, ndipo wakaingia kwenye aluminiamu. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria nao ni chuma, pamoja na mabakuli mawili ya kuwekea miguu, na humo ndimo maji yanapotuama. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, inayoliwa ni aluminiamu. Ukiona unga mweupe kuzunguka boliti, ujue kazi imeshaanza. Mimi nimekwangua wa kujaza kijiko.

Jumapili, 16 Februari

Kabla ya kushona chochote nilitaka kujua maji yanapitia wapi. Nikafunika juu kwa plastiki ya kuanikia mahindi, nikatandaza magazeti ya zamani sakafuni na kwenye viti, nikaingia ndani na tochi. Neema akashika mpira wa maji nje. Nilimwambia aanze chini, kwenye matairi, apande polepole. Ukianza juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yapi yameingilia wapi. Magazeti ni shahidi mzuri kwa kazi hii, maana tone likidondoka linaacha doa hapo hapo.

Nilikuwa na hakika tatizo ni paa. Gazeti lililolowa kwanza lilikuwa la chini kabisa. Sakafu za Land Rover hii ni mabati yaliyofungwa kwa boliti, na kwenye maungio yao maji ya tairi yanapanda vizuri tu. La pili ni vile vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele: mpira wake umekauka kama ganda la muhogo. La tatu ni pale fremu ya kioo inapokalia bodi, kwa sababu kioo chote hulazwa mbele juu ya boneti, na mpira wa hapo umechoka kwa kulazwa na kuinuliwa.

Sakafu nilizifungua, nikapiga brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu, nikazirudisha na silikoni kwenye maungio. Jioni mbili, hakuna la kusimulia.

Vidirisha vya hewa vilinitesa zaidi. Kwanza nilikata soli ya kandambili, ikawa ngumu, kidirisha hakifungi. Nikajaribu sponji la godoro, likafunga vizuri mno, lakini sponji la godoro linakunywa maji. Kilichofaa ni ile mikeka ya watoto ya herufi za kuunganisha. Ni laini, na ukiizamisha kwenye ndoo inaelea bila kunywa kitu. Nilichukua herufi Q. Kiswahili hakiihitaji, na Neema amekubali.

Jumamosi, 1 Machi

Siku ya turubai. Fundi wangu hushona mahema ya safari, na Arusha mafundi wa aina hiyo hawakosekani. Nilikwenda nikitaka turubai la plastiki, kama la malori. Akanionesha vipande viwili.

"La plastiki halipitishi maji, kaka, lakini halipitishi na pumzi yako. Mkikaa wanne humo, mtalowa kwa jasho lenu."

La pamba nzito hufanya kazi kwa namna nyingine: nyuzi zikilowa zinavimba na kuziba matundu kati yake, na likikauka linapumua. Ndiyo maana turubai jipya la pamba huvuja mvua ya kwanza, hasa kwenye matundu ya sindano. Dawa ni kulimwagia maji na kulikausha kabla ya kulitumia, mara mbili au tatu. Akaniasa pia nisiliguse kwa ndani likiwa limelowa. Unapogusa unayavuta maji, na hapo pataanza kudondoka.

Nikachagua la pamba. Mishono tulikubaliana ipangwe kama makuti, kipande cha juu kilalie cha chini, na mshono wa mbele utazame nyuma ili upepo wa barabarani usiingize maji. Kisha nikafanya kosa langu. Nilimwambia alikate likae limekaza kama ngoma. Akaniuliza mara mbili. Nikasisitiza.

Jumamosi, 22 Machi

Lile turubai lililokaza kama ngoma nimelimwagia maji, likakauka, na sasa kulabu za nyuma hazifiki. Pamba hurudi, na ndiyo sababu fundi aliniuliza mara mbili. Ameongeza kipande chenye upana wa viganja viwili upande wa nyuma, rangi yake haifanani kabisa, na kila anayelipita gari anauliza kwa nini limevaa kiraka. Tumeongeza pia mkanda chini ya turubai kutoka chuma cha mbele hadi cha nyuma, maana katikati palikuwa panabonyea na kufanya bwawa.

Waya nilizishughulikia wiki hiyo hiyo. Kila waya unaoingia kwenye swichi au kiboksi cha fyuzi nimeulegeza ushuke kwanza ndipo upande, ili tone linalotembea juu yake lianguke kabla halijafika. Vichwa vya betri nimevipaka mafuta ya mgando.

Jumapili, 6 Aprili

Masika yenyewe sasa. Jana tulitoka Oldonyosambu hadi nyumbani mvua ikituandama njia nzima. Juu halikupita hata tone. Nilijisifu mpaka Mama Neema akachoka.

Leo nimeinua mikeka ya mpira. Chini yake nimelaza zulia nene kupunguza kelele, na zulia lilikuwa chepechepe. Si mvua ya jana iliyolilowesha hivyo. Ni viatu vyetu, mwavuli, na tope la siku nyingi. Kwa miezi miwili nimepigana na maji yanayoingia, na haya yaliyoingia kwa mlango, na miguu yetu wenyewe, sikuwa nimeyaachia pa kutokea. Rangi niliyopaka Februari imeshaanza kuvimba kwenye bakuli la kushoto.

Zulia nimelitupa, kelele tutazizoea. Nikaegesha mahali tambarare, nikamwaga kikombe cha maji kila upande, na yalipotulia nikaweka alama na kutoboa tundu la milimita 12. Jeep Wrangler hutoka kiwandani na vizibo vya namna hii sakafuni, kwa hiyo si ushenzi wangu. Kingo za matundu nimezipaka rangi mara mbili, na vizibo vya mpira navichomeka tukienda kuvuka korongo. Onyo kwa mwenye 88 kama yangu: usitoboe chini ya kiti cha kulia. Tangi la petroli liko hapo.

Viti nimevirudia. Mara ya kwanza nilifunga sponji lote ndani ya plastiki, na maji yaliyopenya kwenye mishono ya leza, ile ngozi ya kufunika kiti, yakabaki humo humo. Sasa plastiki inafunika juu na pembeni tu. Chini pako wazi, na ubao wa kiti una matundu sita. Kikilowa, asubuhi kimeshakauka.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, jua limetoka, nikashusha turubai nikaegesha wazi. Saa nane wingu likaja. Kwa siku kama hizi nimeandaa plastiki nyepesi na mipira ya kufungia mizigo, ile ya tyubu za baiskeli. Dumu la lita 20 nalisimamisha katikati ya viti, plastiki inapita juu yake, maji yanateleza pande zote. Kufunga kunachukua dakika tatu, au mbili Neema akiwa nyumbani.

Kilichobaki ni milango. Dirisha la kuteleza linapita kwenye reli yenye kitambaa, na kitambaa kile kinashika maji kama sponji na kuozesha reli kwa chini. Baada ya mvua niliangalia gazeti la sakafuni. Lilikuwa na doa moja, upande wa kushoto, sawa na kona ya dirisha. Nimelizungushia kalamu, nimeandika tarehe.