Mwizi wa mayai ya bata wangu hakuwa kicheche

Nikisikia tena mtu ananiambia "hiyo ni kazi ya kicheche", nitamtoa uani kwangu. Masika nzima hapa Chanika, Dar es Salaam, kila niliyemlalamikia kwamba mayai yanapungua chini ya bata anayeatamia alinipa jibu hilohilo, na kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza alisema nimwage oili chafu kuzunguka banda. Nikamwaga, nikabaki na bata wenye miguu myeusi na uani kunanuka gereji. Mwingine akataka nifunge vitambaa vyekundu. Aliyeleta habari ya sumu sikumjibu hata kidogo, maana kwangu watoto wanacheza na mbwa wa majirani wanakatiza.

Ila pilipili ndiyo iliyotia fora. Babu mmoja jirani, tunayemheshimu mtaa mzima, aliniita: "Mwanangu, chukua bomba la sindano, lidunge yai maji ya pilipili kichaa, liweke kiotani. Akionja mara moja harudi." Nikamwambia asante babu. Nikasaga pilipili, nikachuja kwa kitambaa cha tui, nikadunga mayai, tundu nikaziba kwa nta ya mshumaa, kisha nikayatia alama ya mkaa. Kazi ya kitaalamu kabisa. Mchana mwanangu akaokota mayai kama kawaida yake, akayaona machafu, akayaosha. Usiku baba watoto akarudi na njaa yake, akajikaangia. Sisemi zaidi ya hapo. Maji yaliisha ndooni, na hadi leo akishika yai la bata hulizungusha kwanza kutafuta tundu. Kicheche hakuonekana.

Nilipotulia ndipo nikaanza kuangalia kitu ambacho washauri wangu wote hawakukiuliza: maganda yako wapi? Nguchiro akila yai, lazima uyakute. Yeye hulirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake ligonge jiwe au ukuta lipasuke. Kunguru naye hutoboa. Kwangu yai lilikuwa likiondoka zima, na bata mwenyewe hana hata jeraha. Halafu usiku banda lina komeo. Nikajiambia, huyu mtu anakuja mchana.

Nikachekecha mchanga laini, nikautandaza kuzunguka banda, nikausawazisha kwa ubao. Asubuhi nyayo za paka tu. Nikausawazisha tena nikaenda sokoni. Kurudi, jua la saa saba, nikaona mstari unaopindapinda kama mtu aliyeburuta kamba, na huku na huku yake alama za vidole vitano vyenye kucha ndefu. Kenge! Mkia ule haufichiki. Wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, wa kwangu alikuja peke yake, na mstari ulitokea kwenye bomba la inchi nne linalotoa maji ya karai la bata kwenda bondeni kwenye mchicha. Yaani nilikuwa nimemjengea mlango wake mwenyewe kwa saruji na fundi nikamlipa.

Sikuhangaika kumuua. Ukimuua huyo, bondeni wapo ndugu zake. Bomba tumelichomelea vipande vya nondo mdomoni. Kuzunguka banda, juu ya wavu wa kuku, nimepigilia mabati bapa hadi usawa wa kiuno, kwa sababu kenge hupanda wavu vizuri tu, lakini kwenye bati kucha hazishiki. Yalikuwa mabaki ya paa, nilichonunua ni misumari na soda ya fundi. Chini, wavu nimeukunja kwenda nje kama futi moja, nikaufukia na mawe juu, hiyo ni kwa ajili ya mbwa na wachimbaji wengine.

Na bata siwafungulii tena alfajiri. Bata hutaga usiku wa manane hadi asubuhi, kwa hiyo nikifungua saa tatu nimeshaokota yote, hakuna yai la kuzagaa vichakani. Jioni siwakimbizi na fimbo. Pumba zao wanazipata ndani ya banda tu, saa kumi na mbili utawaona wamejipanga mlangoni wananigombeza.

Vifaranga ni kesi nyingine. Juu kuna mwewe, na kuna hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale takataka. Kwa hao niliagiza nyavu chakavu za wavuvi kutoka soko la samaki la Feri, bei ya kuokota, nikazitandaza juu ya uzio wa vifaranga. Zivute zikaze. Zikilegea kunguru anatua juu, wavu unazama, na anadonoa kupitia matundu bila wasiwasi. Wa kwangu siku hizi wanakaa juu ya ukuta wa jirani, wanapiga kelele tu, na jirani naye ameanza kuulizia hizo nyavu zinapatikana wapi.