Ubishi wa taita umepungua
Leo zamu yangu benki ya damu ilikuwa na taita ya anti-D, yaani kupima wingi wa kingamwili zinazoshika chembe nyekundu za Rh chanya, kwenye sampuli ya mama mjamzito mwenye Rh hasi (damu isiyo na alama ya D). Tunazidi kuizimua seramu (maji ya damu) tuone chembe zinashikana hadi wapi. Zamani ungetusikia: hii inaishia 1:16 au 1:32? Mimi naona chembe nyekundu zimeshikana, mwenzangu anasema wapi! Sasa mashine inapitisha mwanga kwenye kila kishimo cha sahani. Zikishikana, zinabaki kidonge katikati na mwanga unapita pembeni. Zisiposhikana zinatawanyika, kishimo chote chekundu. Inatoka namba, si maoni ya mtu. Ila uzi wa fibrini (protini ya kugandisha damu) ukibaki kwenye seramu unaidanganya mashine vizuri tu, kwa hiyo majibu yenye utata bado tunayarudia kwa tyubu na darubini.