Kinanda cha Vilnius chenye pacha Marekani

Jamani huyu fundi wa vinanda vya mabomba (vile vikubwa vya kanisani vinavyolia kwa hewa), Adam Gottlob Casparini, ukisikia jina unadhani Mwitaliano kumbe Mjerumani, babu yake Eugen ndo alienda Italia kujenga vinanda hivyo akarudi na jina jipya, wajukuu wakalirithi. Adam yeye karakana yake ilikuwa Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi), na 1776 akamaliza kinanda cha kanisa la Roho Mtakatifu, Vilnius, Lithuania. Kilikuja kunyamaza miaka na miaka lakini hakuna aliyekifumua akijenge upya kisasa, na hiyo ndo bahati yenyewe, maana vingi vya rika lake vilifumuliwa. Basi watafiti wa Göteborg, Uswidi, wakakichunguza na kukipima wee, wakaunda kingine kama hicho (heshima gani tena fundi anataka?), kikazinduliwa 2008 kanisani huko Rochester, New York, na wanafunzi wa chuo cha muziki cha Eastman wanafundishiwa hapo.