Lugha yetu ya saketi ilivyopata pa kusimama bila kulipa ada ya uanachama

Tulipotafuta taasisi ya kuifanya lugha yetu ya kuandikia saketi iwe kiwango rasmi, ushauri wa "nendeni ISO, kule ndiko kwenye jina" ulituchelewesha sana, na karibu wote waliotupa hawakuwa wamewahi kuuliza ni nani anayepiga kura huko. Wanachama wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, ni mashirika ya viwango ya kitaifa, moja kwa kila nchi. Kwetu Tanzania ni TBS. Kikundi cha watu waliotawanyika, mimi nikiwa Mwanga hapa Kigoma, wengine Mwanza, Nairobi na Ulaya, hakina kiti pale. Fundi mmoja mstaafu ninayemheshimu mno alinishika mkono pale stendi akasema, "Mwanangu, kitu kisicho na muhuri wa ISO hakuna mhandisi atakayekigusa." Nikamjibu, "Mzee wangu, lugha ya saketi ya VHDL ilipata muhuri wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1987, na nyingine, Verilog, mwaka 1995, na chipu za dunia nzima zimeandikwa kwa hizo." Hakuridhika. Mpaka leo tukikutana ananiuliza muhuri umefika wapi.

Haja ya kiwango ilitokana na kujumlisha. Lugha yetu ya kuelezea maunzi ilianza kama zana ya kufundishia vijana saketi za dijitali: unaandika rejista, kihesabio, taa za kuongozea magari, unapakia kwenye kibao cha FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya iwe saketi unayotaka. Baadaye wenzetu wa Nairobi wakaandika kompaila yao, yaani zana inayogeuza maandishi ya lugha kuwa saketi. Hapo ndipo programu moja ilipoanza kutoa saketi mbili. Jumlisha 200 na 100, zote za biti 8: kompaila yetu ilitoa 300 kwa sababu ilipanua jibu hadi biti 9, yao ikatoa 44 kwa sababu ilitupa ile biti inayobebwa, yenye thamani ya 256. Na kila upande ulikuwa na hoja. Maktaba ya numeric_std ya VHDL nayo huibakiza jumla kwenye upana wa namba pana zaidi kati ya mbili. Verilog huangalia jibu linawekwa wapi. Bila maandishi ambayo wote tumekubali kuyatii, mabishano yale yasingekwisha.

Mlango wa kwanza tuliobisha hodi sitautaja jina. Ni umoja wa makampuni, nje ya nchi. Fomu yao iliuliza kampuni yetu ina wafanyakazi wangapi na mauzo ya mwaka ni kiasi gani. Sisi hatuna kampuni, hatuna mauzo. Niliandika barua ndefu kueleza kwamba tuna lugha inayofanya kazi, tuna kompaila mbili, tuna wanafunzi wanaoitumia. Jibu likaja la adabu kabisa: karibuni kama watazamaji, mtasikiliza, hamtapiga kura, na rasimu ni za wanachama tu. Ada ya daraja la chini kabisa, kwa dola, ingetosha kununua vibao vya darasa zima na chenji ikabaki. Ni kamati ya harusi ile: asiyechanga haongei, hata kama bibi harusi ni binti yake. Niliumia kweli, maana rasimu walizotaka kutufungia zingekuwa za lugha tuliyoiandika wenyewe, usiku, kwa bando za kuungaunga.

Baada ya hapo niliacha kuuliza taasisi ipi ina jina. Nikaandika maswali mawili, na haya ninajivunia. Mwanafunzi wa Uvinza mwenye simu tu, ataweza kusoma kiwango chote bila kulipa? Na mtu asiye na mwajiri, akiinua mkono, anahesabiwa?

IEEE nilikaa nayo muda mrefu kwa maswali hayo. Wana vikundi kazi vya aina mbili: vya watu binafsi, kama kile kilichotoa VHDL ya 2019, na vya taasisi, kama cha SystemVerilog, mrithi wa Verilog, ambako kura ni ya kampuni. Kwa hiyo swali la pili wangelipita kwa njia ya watu binafsi. La kwanza ndilo gumu. Hakimiliki ya maandishi inakuwa yao na viwango vyao kwa kawaida huuzwa. SystemVerilog inapatikana bure kwa sababu Accellera, taasisi ya viwango vya usanifu wa chipu, huigharamia. Sisi hatuna wa kutugharamia. Tena kibali cha mradi kina miaka 4, na kura ya mwisho inataka asilimia 75 ya wapiga kura warudishe kura zao na asilimia 75 ya kura hizo zikubali. Kwa lugha ambayo bado inabishania kujumlisha, ni mapema.

Historia ndiyo iliyonipa njia. SystemVerilog yenyewe ililelewa kwanza Accellera, ikaenda IEEE ikiwa imekomaa, ikawa kiwango cha IEEE namba 1800 mwaka 2005. Tukatafuta mahali padogo pa kulelea, tukapata Community Specification ya Joint Development Foundation, iliyo chini ya Linux Foundation, shirika linalolea miradi ya programu huria. Hii ni leseni pamoja na kanuni za uendeshaji, unazinakili kwenye hazina ya faili za mradi wako na kuanza kazi. Huombi, hulipi. Anayechangia anakubali maandishi yawe huru na hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi, zisije kumdai mtumiaji. Na mlango wa ISO haufungwi: taasisi hiyohiyo ndiyo iliyoipeleka SPDX, kiwango cha kuorodhesha vipengele na leseni za programu, hadi ikawa ISO/IEC 5962:2021. Yule mzee nilimwonyesha namba hiyo kwenye simu, akaomba nimtumie.

Faili la mipaka ya kazi liandikwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, maana ahadi ya hataza inafuata mipaka hiyo. Mtu wa Ulaya alitaka tuweke "na mambo yanayohusiana". Nilikataa katakata. Mwanasheria wa mwajiri wa mchangiaji akiona maneno hayo, hasaini.

Saini zenyewe za kukubali leseni kusanyeni mapema, watu wakiwa bado marafiki.

Halafu tukaweka sharti ambalo nadhani ndilo lililotuokoa: anayependekeza kanuni alete programu ndogo ya majaribio na jibu linalotarajiwa. Hoja bila jaribio haijadiliwi. Kikao cha kujumlisha kilianza saa nne usiku, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepaza sauti. Wenzetu wa Nairobi walileta jaribio la kihesabio kinachozunguka kutoka 255 kurudi 0, nasi tukaleta la 300. Yote mawili yalikuwa ya haki. Tukaamua alama ya kawaida ya kujumlisha ipanue, na anayetaka kukata aandike alama yake ya pekee, ionekane kwa msomaji. Kompaila zote mbili zinapita majaribio hayo sasa. Tumehamia sura ya ishara zinazovuka kutoka saa moja (mdundo unaoongoza saketi) kwenda saa nyingine ndani ya chipu, na rasimu yake ya kwanza imeandikwa Nairobi.