Mwalimu Mwenyewe Ndiye Mimi

Siku yangu ya kwanza niliwahi. Nilikuwa nimeshafuta ubao na kuandika tarehe pale mama mmoja wa makamo alipochungulia mlangoni, daftari kwapani, miwani imening'inia shingoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda kuketi safu ya mbele. Baada ya muda akaniita kwa sauti ya chini.

"Samahani mwanangu, mwalimu mwenyewe anafika saa ngapi?"

"Mwalimu mwenyewe ndiye mimi, mama."

Akasema "haya, sawa," akafungua daftari. Lakini niliuona uso wake ulivyobadilika. Aliambiwa kuna mwalimu wa Kiingereza ametoka ughaibuni, na ni kweli, nimekaa huko miaka 11. Yeye alikuwa akimngoja mtu aliyezaliwa huko.

Nina miezi mitano tangu nirudi. Wengi mmeniuliza kwa nini niliacha kazi iliyokuwa ikinilipa vizuri nije kufundisha Kiingereza, tena nyumbani, tena mimi ambaye lugha hiyo si yangu ya kuzaliwa. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo huwa nakatizwa kabla sijafika ninapotaka kufika.

Niliondoka na Kiingereza cha shule. Sarufi nilikuwa nayo, insha nilikuwa naandika ikasomeka, lakini simu ikilia nilikuwa naiangalia tu mpaka inyamaze. Maneno niliyoyajua kwenye karatasi sikuyatambua yaliposemwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kiingereza humeza irabu zake. Ukiandika "Canada" kuna a tatu zinazofanana, na sisi hutamka zote tatu kwa haki sawa. Wao huitamka ya kwanza tu. Mbili zilizobaki hugeuka ile sauti hafifu isiyo na mkazo, ambayo ndiyo irabu inayosikika kuliko zote katika lugha yao na haina hata herufi yake katika alfabeti. Miaka yote ya shule nilikuwa najifunza kusoma lugha ambayo masikio yangu hayakuwa yameisikia.

Lililoniuma zaidi halikuwa la matamshi. Wiki zangu za mwanzo kazini, msimamizi aliniuliza jioni, "You haven't locked the store?" Nikajibu, "Yes." Nilimaanisha ndiyo, ni kama unavyosema, sijafunga. Yeye akasikia kwamba nimefunga, akaenda zake. Nami nikadhani amesikia kwamba sijafunga, na kwamba atafunga mwenyewe. Stoo ililala wazi. Kesho yake niliitwa mwongo mbele ya wenzangu, na Kiingereza cha kujitetea sikuwa nacho. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, ila niliusema kwa Kiswahili kilichovaa neno la Kiingereza.

Nilikaa na jambo hilo miaka. Wenyeji niliowauliza hawakuelewa hata swali langu. Kwao jibu la "no" linakuja lenyewe kama pumzi, hawajawahi kuliona kama kitu cha kufundishwa. Mwishowe nililifumbua mwenyewe. Kiswahili humjibu mwulizaji: umesema kweli, au hukusema kweli. Kiingereza huliangalia tendo lenyewe: kama halikutendeka, jibu ni "no", uulizwe vyovyote utakavyoulizwa. Siku nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kufikiria kurudi. Nilijiuliza ni watu wangapi huko nyumbani wanakaribia kuingia kwenye shimo lile lile, na nani atawaonyesha lilipo.

Nikasoma kozi ya CELTA, ile ya ualimu wa Kiingereza inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Cambridge, yenye saa 120 za mafunzo, zikiwemo saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika. Niliipenda. Ila kulikuwa na kipindi kizima cha kuonyeshwa ulimi ukae wapi unapotamka "th", na mkufunzi, kwa wema wake wote, akanitaka mimi nijaribu kwanza. Nikatamka. Akashangaa, akanipongeza. Hakujua kwamba ninapotoka tuna thelathini, tuna thamani, tuna dhahabu na dhambi.

Ni wakati huo nilipokutana na maandishi ya mtaalamu wa lugha Robert Phillipson, na kuna jambo humo lilinikosesha usingizi. Hii imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikaziwa katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, uliofanyika mwaka 1961 huko Makerere, Uganda. Mlangoni petu! Taarifa ya mkutano ule ilibeba mawazo matano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, mwalimu anayefaa hasa awe mzawa wa lugha, kianze mapema kadiri iwezekanavyo, kifundishwe kwa wingi, na lugha nyingine zikitumika sana kiwango kitashuka. Mwaka 1992 Phillipson aliyachambua moja baada ya jingine na kuyaita yote matano potofu. Nilipomaliza kusoma nilifunga kompyuta nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunaadhibiwa shuleni tukinaswa tunasema Kiswahili.

Basi nikarudi. Kituo kimoja nilichoomba kazi kilikisifu cheti changu, kikanipa kipindi cha majaribio, kisha kikaniambia kitanilipa nusu ya atakacholipwa kijana mmoja mgeni ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa. "Wazazi wanalipia sura na lafudhi," nikaelezwa. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilishatoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi wa aina hiyo, lakini tamko haliji kukaa nawe kwenye usaili. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Sina ugomvi na yule kijana. Nina ugomvi na mtu anayeamini kwamba njia niliyoitembea kwa miguu yangu ina thamani ndogo kuliko ya aliyezaliwa mwisho wa safari.

Hata ndugu zangu wamo. Shangazi mmoja aliniambia, "Miaka yote hiyo ya kukaa huko, mbona hubani pua?" Sibani pua kwa sababu naeleweka. Mtafiti wa lugha Jennifer Jenkins aliyachunguza mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na mwaka 2000 akaeleza ni sauti zipi zikiharibika watu hawaelewani na zipi haziwazuii. Urefu wa irabu ulikuwa muhimu. Konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno zilikuwa muhimu. Hata ile "th" iliyokula kipindi kizima haikuwamo. Sasa muda wa wanafunzi wangu naupeleka panapohitajika: "ship" na "sheep", "live" na "leave", na ile tabia yetu ya kuchomeka irabu katikati ya konsonanti, ambayo ndiyo iliyotupatia buluu, burashi na kilabu. Ninawaandikia maneno hayo matatu ubaoni, wanaona wenyewe sikio letu linavyofanya kazi. Hakuna anayeona aibu. Baada ya hapo "bring" inaacha kuwa "biring".

Furaha yangu kubwa ni hizi hazina tulizonazo bila kujua. Kijana mmoja alisumbuliwa na "singer" na "finger"; yameandikwa sawa, mbona yanasikika tofauti? Nikaandika chini ya "singer" neno ng'ombe, na chini ya "finger" neno ngoma. Akasoma kwa sauti, akasimama, akasoma tena. Darasa zima likaanza kutamka. Sauti zote mbili walikuwa nazo tangu hawajaota meno.

Kwenye "-me-" ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Vitabu humfundisha mwanafunzi kwamba "amefika" ni "she has arrived", na ni sawa. Kisha anaona mtu yuko ndani ya gauni jekundu, anasema "she has worn a red dress", maana kwetu amevaa. Amesimama, amelala, amekaa, amechoka: kwetu tendo limekwisha na hali yake bado ipo. Kiingereza hapo huitaja ile hali: "she is wearing a red dress", yuko usingizini, yuko wima. Huwezi kulieleza hili kama hujawahi kuliishi kutoka upande wa huku. Vivyo hivyo "niazime kalamu", ambalo humfanya mtu aseme "borrow me a pen" badala ya "lend me a pen", kwa kuwa kuazima kwetu hubeba kutoa na kupokea. Péter Medgyes, Mhungaria na mwalimu kama mimi, aliandika kwamba mwalimu asiye mzawa huona matatizo ya mwanafunzi kabla hayajatokea. Ndivyo ilivyo. Nayaona yanakuja kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka huko.

Medgyes huyo huyo alisema wazi kwamba kuna tunachopungukiwa katika lugha yenyewe, nami silifichi hilo. Mwanafunzi aliandika "I had a heavy sleep", kutokana na usingizi mzito. Sikio langu lilikataa, lakini papo hapo nikakumbuka kwamba husema "heavy sleeper". Nikasita. Nikawaambia sina uhakika, nitaangalia. Kesho yake nikawaletea: usingizi husemwa zaidi "deep", mlalaji ndiye "heavy". Waliandika kwa makini kuliko siku nyingine yoyote. Nadhani walihitaji kuona mtu mzima akitafuta neno bila kutetereka.

Yule mama wa safu ya mbele hakuacha kuja. Wiki ya tatu nilimuuliza, "Didn't you do the homework?" akajibu, "Yes," huku akitikisa kichwa kukataa. Niliweka kalamu chini nikawasimulia habari ya stoo, kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi nilivyoitwa mwongo. Kulikuwa kimya. Mama akaandika mstari mmoja daftarini, akaupigia mistari miwili chini yake.

Baadaye nilikuja kujua sababu yake ya kusoma. Binti yake anaishi nje, na mjukuu wake wa miaka sita hajui Kiswahili. Wanapigiana simu za video, mtoto anaongea, bibi anatabasamu tu.

Juzi tulipomaliza kipindi simu yake ililia akiwa bado anakusanya vitu vyake. Akaiegemeza kwenye daftari, akavaa miwani. Nilikuwa nafuta ubao, nikasikia sauti ya mtoto inauliza, "You're not coming, Grandma?"

Mama alinyamaza kidogo. Akanitazama, kisha akairudia simu.

"No," akasema, polepole na sawasawa. "No, I am not coming." Halafu akakisogelea kioo cha simu kabisa. "But you, you come."

Sikumsahihisha.